Kaskazini Mbili: Mwelekeo wa Sumaku na Mwelekeo wa Kweli Katika Simulata ya Ndege

Anayejifunzia simulata, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza kurusha ndege, kwenye uwanja wa Moi, Mombasa, anaweza kukaa na kosa moja miezi mingi asilihisi. Huku kwetu kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani zimepishana kwa digrii chache mno. Changanya hesabu utakavyo, ndege itafika Malindi vilevile. Siku ukihamia Cape Town, ambako zimeachana kwa digrii 25 hivi, utajikuta juu ya Atlantiki ukitafuta uwanja ulioko nchi kavu.

Kwa hiyo tunaanzia nyumbani, mahali namba ni nyepesi, kisha hesabu ileile tunaipeleka kusikosamehe.

Maneno yenyewe

Kaskazini ya kweli ni ile ya ramani, inayoelekea ncha ya dunia ambako mistari yote ya longitudo hukutana. Ukitaka kuiona kwa macho Mombasa, simama mbele ya mihirabu. Makka iko longitudo 39.8 mashariki na mji wetu uko 39.7, kwa hiyo kibla kilichopimwa sawasawa hapa hakikosei kaskazini ya kweli hata kwa digrii moja. Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha zamani cha pwani neno kibla lilitumika pia kwa maana ya upande wa kaskazini.

Kaskazini ya sumaku ni kule inakovutwa sindano ya dira. Tofauti kati ya hizo mbili tutaiita mchepuko. Ukisikia mchepuko wa magharibi, maana yake sindano imelalia magharibi ya kaskazini ya kweli. Wa mashariki, imelalia mashariki. Mchepuko hubadilika mahali kwa mahali na mwaka kwa mwaka. Stansted, Uingereza, walilazimika mwaka 2009 kubadili jina la njia yao ya kurukia kutoka 05/23 kuwa 04/22. Lami haikusogea; sumaku ndiyo iliyosogea.

Usichanganye pia mwelekeo na njia. Mwelekeo ni kule pua ya ndege inakotazama. Njia ni kule ndege inakokwenda juu ya ardhi baada ya upepo kuisukuma. Wengi wakiona GPS inasema 040 na dira inasema 032 husingizia mchepuko, kumbe ni upepo tu unaowasukuma ubavuni. Ndiyo maana katika hatua zinazofuata tunazima upepo kabisa.

Hatua ya 1: Toa namba zote mbili kwenye skrini

Kabla ya kuruka, hakikisha unaweza kuona mwelekeo wa kweli na wa sumaku kwa wakati mmoja, nje ya vifaa vya ndege. Hiki ndicho kipimo chako cha kukagulia vifaa vingine vyote.

Kwenye FlightGear, ambayo ni ya bure na huendeshwa hata na kompyuta ya wastani, fungua menyu ya Debug, uingie Browse Internal Properties. Ndani ya /orientation kuna heading-deg, ambayo ni ya kweli, na heading-magnetic-deg, ya sumaku. Mchepuko wa mahali ulipo uko /environment, kwa jina magnetic-variation-deg.

Kwenye X-Plane, nenda Settings, kisha Data Output, uweke alama kwenye mstari wa 17 ili uonekane ukiwa chumba cha rubani. Humo zimo safu mbili za mwelekeo, moja imeandikwa true na nyingine mag.

Kwenye FSX (Microsoft Flight Simulator X), bonyeza Shift na Z. Maandishi ya juu yatakupa mahali ulipo na mwelekeo wenye neno MAG. Huu ni wa sumaku peke yake. Wa kweli utaupata kwa programu ya pembeni kama Little Navmap, nayo huandika M au T baada ya digrii. Jizoeze kuitazama herufi hiyo kabla ya kuitazama namba.

Sasa, ndege ikiwa imetulia Moi, andika namba mbili ulizoziona. Tofauti yake ni mchepuko wa Mombasa kwa mujibu wa simulata yako. Simulata mbili zikikupa namba tofauti kidogo usishangae. FSX husoma jedwali lililogandishwa kwenye faili liitwalo magdec.bgl, nalo ni la zama za kutoka kwake, ilhali FlightGear na X-Plane hukokotoa kwa modeli ya sumaku ya dunia.

Hatua ya 2: Shika kanuni moja

Ukitoka kwenye ramani kwenda kwenye dira: *magharibi jumlisha, mashariki toa.* Ukirudi kutoka dira kwenda ramani, geuza. Jibu likizidi 360, punguza 360. Likiwa sifuri au chini yake, ongeza 360.

Basi. Ukiona mtu anakufundisha kanuni nne za jambo hili, tatu ni za ziada.

Hatua ya 3: Mombasa hadi Malindi

Zima upepo. Tumia ndege ndogo ya mwendo wa noti 110 (maili 110 za baharini kwa saa), urefu wa futi 3,000.

Uwanja wa Moi uko 4°02′ kusini, 39°36′ mashariki. Malindi iko 3°14′ kusini, 40°06′ mashariki. Kaskazini unasogea dakika 48, yaani maili 48 za baharini. Mashariki ni dakika 30, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta nazo ni takriban maili 30. Njia ya kweli ni 032, umbali maili 57, muda dakika 31.

Bahati nzuri iliyoje: njia ya kurukia ni 03, maana yake inaelekea mahali fulani kati ya 025 na 034 za sumaku. Ukiruka kwa njia hiyo pua tayari inakaribia kuitazama Malindi. Namba za njia za kurukia hutolewa kwa sumaku na kukadiriwa kwenye kumi, kisha sifuri ya mwisho hutupwa. Usizitumie kama mwelekeo kamili.

Tumia mchepuko ulioupata hatua ya 1, upate mwelekeo wa sumaku, uushike. Ukiwa na Bahari ya Hindi mkono wa kulia, unatakiwa kukutana na mkono wa bahari wa Kilifi na daraja lake baada ya dakika 15 na nusu, chini yako au karibu sana. Daraja la Kilifi liko nusu kamili ya safari na karibu limelala juu ya mstari, kwa hiyo ni kipimo kizuri kuliko geji yoyote. Likiwa mbali kushoto au kulia, usiendelee kubahatisha. Tazama kama jairo, kile kifaa cha gurudumu linalozunguka kinachoshika mwelekeo, imeachana na dira.

Sasa rudia safari hiyo kwa makusudi bila kuhesabu mchepuko, ushike 032 kwenye dira. Utafika. Digrii moja katika maili 57 ni kosa la maili moja tu, na Malindi huionaje kutoka maili moja! Hapa ndipo ilipo hadaa ya Mombasa: safari iliyofanikiwa haithibitishi kuwa hesabu ni sahihi.

Hatua ya 4: Cape Town hadi Langebaanweg

Hamisha ndege uwanja wa Cape Town. Fungua ramani ya simulata, yenye kaskazini ya kweli juu, utazame njia ya kurukia 01. Kwa jina lake ungetarajia iwe imesimama karibu wima, imeegemea kulia kidogo. Badala yake imeegemea *kushoto*, kiasi cha digrii 16. Hakuna aliyekosea kuichora: kwa kweli inaelekea karibu 344, na 344 ukijumlisha 25 unapata 369, yaani 009. Picha hiyo moja inafundisha kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Langebaanweg iko maili 64 upande wa kaskazini-magharibi. Njia ya kweli ni 340. Mchepuko ni 25 magharibi, kwa hiyo jumlisha: 365, punguza 360, dira ishike 005. Muda kwa noti 110 ni dakika 35.

Ifanye kwanza vibaya. Shika 340 kwenye dira. Kwa kweli utakuwa unakwenda 315: utapita karibu na kisiwa cha Robben dakika chache tu baada ya kuruka, kisha maji matupu. Dakika 35 zikitimia, utakuwa umekosa uwanja kwa maili 28 hivi. Rudi, ruka tena kwa 005, uone pwani ikibaki kushoto kwako.

Kwa nini tumechagua safari hii? Kwa sababu inavuka 360, na hapo ndipo wenye kuhesabu kwa kichwa huteleza, na geji za kujitengenezea hupatwa na wazimu, kama tutakavyoona.

Kila kifaa na lugha yake

Dira ya maji, ile iliyo juu ya dashibodi, husema sumaku. Isome ndege ikiwa sawa na mwendo ukiwa umetulia. Kusini ya ikweta, ukiongeza mwendo ukiwa unaelekea mashariki au magharibi, kadi hutelezea upande wa kusini ingawa hujageuka. Ukipunguza, hutelezea kaskazini. Mafunzo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani yatakuambia kinyume, na kwao ni kweli. Katika ndege halisi vyuma vya ndege yenyewe pia huipotosha dira digrii moja mbili, na kadi ndogo kando yake huorodhesha marekebisho. Kwenye simulata nyingi kosa hilo ni sifuri.

Jairo ya mwelekeo haijui kaskazini yoyote. Inashika ulichoiambia. Ukiiweka kwa sumaku itasema sumaku, ukiiweka kwa kweli itasema kweli, kisha taratibu itapotea. Mzunguko wa dunia peke yake huipoteza kwa digrii 15 kwa saa zikizidishwa kwa sine ya latitudo: Mombasa ni digrii moja kwa saa, Cape Town ni zaidi ya 8. Tena nyumbani tumesamehewa. Ilinganishe na dira kila dakika 15, ndege ikiwa imenyooka. Kwenye FSX kitufe D hufanya kazi hiyo, na upotevu wenyewe huwashwa au kuzimwa kwenye ukurasa wa uhalisia. HSI za ndege kubwa zaidi (jairo zenye sindano ya kuongozea ndani yake) hujirekebisha zenyewe kwa kihisi cha sumaku, kwa hiyo huna cha kufanya.

VOR, kituo cha redio cha ardhini kinachoongoza ndege, hutangaza mistari yake kwa sumaku, lakini kwa sumaku ya *siku kituo kilipopangwa*. Ndani ya simulata kila kituo kimeandikiwa mchepuko wake. Ukisasisha jedwali la mchepuko na kuacha vituo vya zamani, dira na VOR vitapishana kwa digrii kadhaa hata pasipo upepo, na utaulaumu mkono wako bure. Sasisha vyote viwili, au uviache vyote viwili.

Sindano ya ADF, kifaa kinachoelekeza kwenye kituo cha redio, hupima kutoka puani. Ikielekea digrii 40 kulia nawe uko 030 za sumaku, kituo kiko 070 za sumaku. Ukitaka kuuchora mstari huo kwenye ramani, ndipo mchepuko unapoingia.

GPS inajua mahali tu, kwa hiyo tumboni mwake kila kitu ni cha kweli. Namba ya sumaku inayokuonyesha imepitia jedwali. Kwenye G1000, ile dashibodi ya skrini ya Garmin, nenda kundi la kurasa za AUX, ukurasa wa System Setup, utafute NAV ANGLE: ina chaguo la sumaku na la kweli. Ikiwa kwenye kweli, herufi T hukaa baada ya digrii. Usikague mpangilio huu Mombasa. Tofauti ni ndogo, hutaiona. Kagua Cape Town.

Sindano ya ILS, mtambo wa redio wa kuongoza ndege inapotua, haijali namba uliyoizungushia: kushoto ni kushoto tu. Namba hiyo weka kwa ajili ya HSI ionyeshe picha iliyonyooka, na iwe ya sumaku kama ilivyo kwenye chati.

Halafu upepo. Taarifa ya METAR, ripoti ya maandishi ya hali ya hewa uwanjani, hutoa upepo kwa kaskazini ya kweli. Mnara na ATIS, taarifa ya uwanja iliyorekodiwa na kurushwa redioni, huutoa kwa sumaku. Kanuni ya marubani ni fupi: unachokisoma ni cha kweli, unachokisikia ni cha sumaku. Chukua Cape Town, METAR inasema upepo 160, noti 20, nawe unatua 19, yaani njia ileile ya 01 ikitumiwa kutoka ncha ya pili. Ukiuchukua ulivyo, unaona upo digrii 30 kutoka kwenye njia, upepo wa ubavu noti 10. Uugeuze kwanza: 160 ukijumlisha 25 ni 185, digrii 5 tu kutoka njia ya 190, ubavuni hazifiki noti 2. Hizo ni kutua mbili tofauti kabisa.

Ukitengeneza geji yako mwenyewe

Wenye kuunda chumba cha rubani nyumbani kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) na mota ndogo hupatwa na makosa yaleyale matatu.

La kwanza ni kuchukua kigezo kisicho chenyewe. Kwa FSUIPC, programu ya pembeni inayotoa data za simulata kwa anwani zenye namba, mwelekeo ulioko anwani 0580 ni wa kweli: namba ya biti 32, zidisha kwa 360 ugawe kwa 65536 mara mbili. Mchepuko uko 02A0, biti 16, zidisha kwa 360 ugawe kwa 65536. Toa huo kutoka kwenye mwelekeo wa kweli upate sumaku. Magharibi tayari ina alama ya kutoa, kwa hiyo kutoa hasi kunakuwa kujumlisha. Lakini kama geji yako ni jairo, usihesabu hivi. Soma 2B00, ambayo ina upotevu wa jairo ndani yake. Dira ya maji iko 02CC. Geji ya jairo iliyotengenezwa kutoka 0580 haipotei kamwe, nayo huonekana nzuri hadi siku unapotaka kujifunza kuirekebisha.

La pili ni vipimo. Kwenye SimConnect, njia ya FSX yenyewe ya kuzipa programu nyingine data, kuna kigezo PLANE HEADING DEGREES MAGNETIC. Jina linasema digrii, lakini usipotaja kipimo hukupa radiani. Ukiona geji yako haizidi 6.28, ugonjwa ni huo. Na dira ya maji imeandikwa WISKEY COMPASS INDICATION DEGREES, bila H kwenye WISKEY. Ukiiandika kwa tahajia sahihi ya Kiingereza haitapatikana.

La tatu ndilo linalovunja gia. Mwelekeo ukitoka 359 kwenda 001, programu isiyo na akili inaona imeambiwa irudi digrii 358, na mota inazunguka duara zima kinyume. Usitoe namba mpya kwa ya zamani hivi hivi. Chukua tofauti, ongeza 540, tafuta baki baada ya kugawa kwa 360, kisha toa 180. Matokeo hukaa kati ya −180 na 180, nayo ndiyo digrii za kuzungusha. Kuongeza 540 badala ya 180 kuna sababu: kwenye lugha ya C baki la namba hasi ni hasi, na 540 huhakikisha hufiki huko. Wastani nao una mtego huohuo. Wastani wa 359 na 001 ukihesabiwa kijinga ni 180, yaani umegeuzwa kisogo.

Jaribu geji kwa safari ya Langebaanweg. Mwelekeo wa kweli 340, geji isome 005. Ikisoma 315 umekosea alama ya mchepuko. Ikisoma 340 hujauweka kabisa. Ikisoma 365 umesahau kupunguza.

Mambo yakienda mrama

Ndege inapinda polepole ingawa otopailoti imeshika mwelekeo: otopailoti ya ndege ndogo huifuata jairo, si dira. Jairo ikipotea huipeleka ndege nayo. Rekebisha jairo.

Ramani na GPS zinakubaliana, dira peke yake inakataa: GPS iko kwenye kweli. Tafuta ile T.

Vyote vinakubaliana ukiwa chini, vinaachana hewani: huo ni upepo.

Njia ya kurukia ina namba moja kwenye simulata na nyingine kwenye chati mpya: mandhari ni ya kabla ya kubadilishwa jina. Fuata chati kwa mwelekeo na simulata kwa jina, maana mnara wa simulata utakuita kwa jina inalolijua.

Kwenye Boeing kubwa kama 777, namba ya mwelekeo ina neno MAG au TRUE kando yake. Ukilikuta TRUE nawe uko Mombasa, kuna aliyeigusa swichi ya HDG REF, irudishe NORM. Swichi hiyo ina kazi yake kaskazini ya mbali ya Kanada, ambako sumaku ya dunia huivuta sindano chini karibu wima hata dira haiaminiki. Ukitaka kuijaribu, nenda Resolute Bay. Njia ya kurukia kule inaitwa 17T/35T, kwa kaskazini ya kweli, na mchepuko hauguswi kabisa: weka TRUE, ipange ndege katikati ya njia, kisha weka jairo kwa mwelekeo wa kweli wa njia ulio kwenye chati na uisahau dira ya maji.